Viza na Kodi kwa Anayefanya Kazi kwa Mbali Akiishi Ughaibuni: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Mtu akishaamua kuhama na kompyuta yake, swali la kwanza huwa ni viza: nchi gani inatoa, ada ni kiasi gani, majibu yanatoka baada ya wiki ngapi. Katika mwongozo huu viza imewekwa hatua ya tano, na nimefanya hivyo makusudi. Viza inajibu jambo moja tu, kwamba unaruhusiwa kukaa. Haisemi kodi ya mshahara wako ni ya nani, haisemi mchango wa pensheni unaingia mfuko upi, wala haimwambii mwajiri wako kama kukaa kwako huko kutamletea madai. Hayo yana ofisi zake, na kila ofisi inajibu la kwake. Aliyepanga kodi kwanza huwa anajua aombe viza ipi. Aliyetangulia kupata viza mara nyingi hukuta ameshajifunga.

Takwimu utakazokutana nazo hapa zikupe picha ya mambo yalivyo. Ada na viwango vya mapato hubadilika karibu kila mwaka, kwa sababu nchi nyingi zimevifungamanisha na kima cha chini cha mshahara. Kabla ya kulipa chochote, soma tovuti ya ubalozi wa nchi husika na utazame tarehe ya ukurasa.

Hatua ya kwanza: jua unalipwa kama nani

Kuna njia mbili kuu. Ama umeajiriwa, yaani una mwajiri mmoja, mshahara, likizo na makato. Ama umejiajiri, unatoa ankara kwa wateja na kodi yako unajilipia mwenyewe. Karibu kila sheria utakayoisoma mbele inawatenganisha watu hawa wawili, kwa hiyo ukikosea hapa utasoma sheria isiyokuhusu.

Kama umeajiriwa, zungumza na mwajiri kabla hujamwaga siri kwa mtu mwingine yeyote. Usiridhike na "sawa, nenda tu" ya msimamizi wako kwenye simu. Unahitaji barua yenye cheo chako, mshahara, tarehe ya kuajiriwa, na sentensi inayosema wazi kwamba unaruhusiwa kufanya kazi kwa mbali ukiwa nchi fulani. Ubalozi utaitaka barua hiyo, na kuiandika kunamlazimu mwajiri aulize idara yake ya sheria mapema.

Idara hiyo ina hofu zake, na ni vizuri uzielewe ili uzungumze lugha yao. Ya kwanza ni kutakiwa kusajiliwa kama mwajiri katika nchi uliyoko, ili akate kodi ya mshahara na michango ya hifadhi ya jamii huko. Ya pili ni kubwa zaidi: mamlaka ya mapato ya nchi hiyo inaweza kusema kwamba kwa kukaa kwako kampuni imeweka makao ya kudumu ya biashara pale, na hivyo idai sehemu ya faida yake. Hatari ni kubwa kwa mtu wa mauzo mwenye mamlaka ya kufunga mikataba kwa niaba ya kampuni, na ni ndogo kwa mhariri au mpanga programu anayekaa nyumbani kwake. Novemba 2025, OECD, shirika linaloandaa mfano wa mikataba ya kodi unaofuatwa na nchi nyingi, liliongeza ufafanuzi kwamba mtu anayefanya chini ya nusu ya muda wake wa kazi akiwa nyumbani katika nchi nyingine, ndani ya miezi 12, kwa kawaida haifanyi nyumba hiyo kuwa makao ya biashara ya mwajiri. Akizidi nusu, huangaliwa kama kampuni ina sababu ya kibiashara ya kuwa na mtu pale, mfano kukutana na wateja wa nchi hiyo. Ukienda kwenye kikao na hoja hiyo mkononi, mazungumzo hubadilika.

Mwajiri akikataa, atakupa moja kati ya mapendekezo mawili. La kwanza ni kuajiriwa kupitia kampuni ya kati iliyosajiliwa nchi unayokwenda, ambayo inakulipa na kukata kila kinachotakiwa. Ni njia safi kwa upande wa kodi, lakini ina mtego: ukishaajiriwa na kampuni ya hapo hapo, viza inayodai mwajiri wako awe nje ya nchi haikufai tena, na utahitaji kibali cha kazi cha kawaida. La pili ni kuacha ajira na kuwa mkandarasi. Hapo angalia uhalisia. Kama unabaki na mteja huyo mmoja, saa zile zile, kompyuta yao, na unaomba ruhusa ya kwenda likizo, sheria za nchi nyingi zitakuhesabu kuwa mwajiriwa hata mkataba ukiitwa jina gani.

Hatua ya pili: ondoka kihalali kikodi

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoleta barua za madai baada ya miaka. Kupanda ndege si kuondoka. Kwa mamlaka ya mapato unaondoka pale unapoacha kutimiza vigezo vyao vya ukaazi, na vigezo hivyo havifanani.

Baadhi ya nchi zinahesabu siku tu. Nyingine zinaangalia nyumba: Ujerumani inakuhesabu mkazi ukiwa na makazi ambayo bado unaweza kuyatumia upendavyo, hata usipolala humo muda mrefu. Uingereza inachanganya siku na mafungamano, yaani familia, nyumba, kazi, na miaka uliyokaa nyuma. Aliyekuwa mkazi katika mojawapo ya miaka mitatu iliyotangulia anakuwa na uhakika kamili wa kutohesabiwa mkazi, kwa kigezo cha siku peke yake, akikaa chini ya siku 16 tu katika mwaka wa kodi. Kenya, Tanzania na Uganda zina kigezo cha wastani: ukiwa nchini kila mwaka kwa miaka mitatu mfululizo, na wastani wake ukazidi siku 122, unaweza kuwa mkazi ingawa hakuna mwaka uliofikisha siku 183. Na kuna Marekani, ambayo inatoza raia wake popote walipo duniani, bila kujali wanaishi wapi. Eritrea nayo inawadai raia wake walio nje asilimia 2 ya mapato.

Mmarekani hana njia ya kuondoka kikodi bila kuacha uraia, lakini ana nafuu. Kwa mwaka 2025 angeweza kuondoa hadi dola 130,000 za mapato ya kazi aliyoifanya nje kwenye hesabu ya kodi ya mapato, iwapo amekaa nje ya Marekani siku 330 ndani ya miezi 12 mfululizo au ni mkazi halisi wa nchi nyingine. Waliojiajiri husahau kwamba nafuu hiyo haigusi mchango wa hifadhi ya jamii wa asilimia 15.3. Akaunti za nje zikifikisha jumla ya zaidi ya dola 10,000 siku yoyote ya mwaka, kuna taarifa ya pekee ya kuwasilisha, hata kama hadaiwi senti.

Kwa wengine wote, kazi ya hatua hii ni ya makaratasi. Jaza fomu ya kuondoka kama nchi yako inayo. Uingereza ina P85. Jiondoe kwenye daftari la wakazi la mtaa au manispaa pale utaratibu huo ulipo. Achia nyumba, au ipangishe kwa mkataba wa muda mrefu ili isihesabike kuwa iko tayari kukupokea. Iambie benki kwamba ukaazi wako wa kikodi umebadilika. Ukiwa na hisa au mali yenye thamani, uliza kama kuna kodi ya kuondoka: Kanada, kwa mfano, siku unayoacha kuwa mkazi inahesabu kwamba umeuza sehemu kubwa ya mali zako kwa bei ya soko, na inatoza ongezeko la thamani ingawa hujauza kitu. Kisha wasilisha ritani ya mwaka wa kuondoka, uandike tarehe.

Kuna wanaojisifu kwamba wanazunguka nchi hadi nchi na hawana ukaazi wa kikodi popote. Mimi simshauri mtu njia hiyo. Nchi uliyotoka hukuachia kwa urahisi ikiona unakoishia. Asiye na cheti cha ukaazi kutoka kwingine huwa hana cha kuonyesha pale wanapodai kwamba hakuwahi kuondoka. Benki nazo hukataa fomu isiyo na nchi ya kodi.

Hatua ya tatu: jua nchi unayokwenda itadai nini

Sote tumesikia habari ya siku 183. Ni kanuni ya kweli iliyobebeshwa mzigo usio wake.

Kwanza, namna ya kuzihesabu inatofautiana. Uhispania inahesabu ndani ya mwaka wa kalenda. Ureno inahesabu ndani ya miezi 12 yoyote, kwa hiyo ukifika Septemba na kuondoka Aprili unaweza kuwa umevuka, ilhali kwa kalenda hujavuka mwaka wowote. Thailand mpaka wake ni siku 180. Ayalandi inajumlisha miaka miwili na kutazama siku 280. Marekani inachukua siku zote za mwaka huu, theluthi ya siku za mwaka jana na sehemu moja ya sita ya mwaka juzi, ikifika 183 umeingia, mradi mwaka huu umekaa angalau siku 31.

Pili, siku si kigezo pekee. Nyumba ya kudumu, au mke na watoto wanaoishi pale, vinaweza kukufanya mkazi kabla siku hazijafika.

Tatu, na hapa ndipo wengi wanapoteleza: kutokuwa mkazi hakumaanishi hudaiwi. Kwa sheria za nchi nyingi mapato ya kazi yanatokea pale mwili wako ulipokuwa ulipoifanya. Mshahara uwe unatoka bara jingine, uingie benki ya nchi ya tatu, haibadilishi kitu. Kwa siku chache hakuna anayekufuata, lakini hilo ni suala la utekelezaji, sheria yenyewe iko pale pale.

Kinachokuokoa kwa kawaida ni mkataba wa kuepuka kutoza kodi mara mbili. Duniani kuna mikataba ya namna hiyo zaidi ya 3,000, kila mmoja kati ya nchi mbili, na mingi imefuata mfano wa OECD au wa Umoja wa Mataifa. Tafuta ule unaounganisha nchi unayotoka na unayokwenda, na usome vifungu vitatu tu.

Kifungu cha 4 kinaamua wewe ni mkazi wa wapi iwapo nchi zote mbili zinakudai. Kinakwenda kwa zamu: wapi una makazi ya kudumu, ikiwa kote, wapi yalipo maisha yako kwa maana ya familia na uchumi, ikishindikana, wapi unaishi kwa mazoea, kisha uraia, na mwisho wakubwa wa mamlaka zote mbili wakae wakubaliane. Huchagui unachokipenda katika mlolongo huo. Ukipata jibu la kwanza, umefika.

Kifungu cha 15 ni cha walioajiriwa. Nchi unayofanyia kazi haitakutoza ikiwa mambo matatu yapo kwa pamoja: hukuzidi siku 183 katika miezi 12, mwajiri wako si mkazi wa nchi hiyo, na mshahara haubebwi na tawi lake lililoko pale. Moja likikosekana, nafuu yote imekwenda. Kifungu cha 7 ndicho cha waliojiajiri: faida yako inatozwa nchi unayoishi, isipokuwa umeweka makao ya biashara kwingine. Baadhi ya mikataba ina kifungu cha 14 kwa ajili ya wataalamu binafsi, hasa iliyofuata mfano wa Umoja wa Mataifa, nacho huwa na hesabu yake ya siku.

Mkataba hauondoi kodi, unapanga nani atoze na nani apunguze. Njia ya kawaida ni ya kukatwa: kama nchi ya kazi imekutoza 20 kwenye kila mia, na nchi ya ukaazi kiwango chake ni 30, ya pili itachukua 10 iliyobaki. Viwango vikiwa kinyume, hurudishiwi tofauti. Na nafuu haiji yenyewe. Unaiomba, na karatasi inayoiombea ni cheti cha ukaazi wa kodi cha mwaka husika.

Kuna pia mipango maalumu ya kuvutia wageni. Kroatia haitozi kodi ya mapato kwa kazi ya mbali ya mwenye kibali cha wahamaji wa kidijitali. Barbados imeweka hivyo hivyo kwa sheria yake ya 2020. Uhispania inaruhusu wafanyakazi wageni wanaokidhi masharti, ambao hawakuwa wakazi wake katika miaka mitano iliyopita, kulipa asilimia 24 hadi euro 600,000 za kipato cha ajira, kwa mwaka wa kuhamia na mitano inayofuata, lakini maombi yana dirisha la miezi sita tangu kuanza kusajiliwa kwenye hifadhi ya jamii, na likifungwa limefungwa. Upande mwingine, Ureno ilifunga mpango wake maarufu wa wakazi wasio wa mazoea kwa wageni wapya kuanzia 2024, na Thailand tangu Januari 2024 imebana sheria ya fedha za nje zinazoingizwa nchini na wakazi wake. Makala nyingi bado zinasifia mambo hayo kama yalivyokuwa.

Hatua ya nne: hifadhi ya jamii

Ni fupi, lakini inauma. Michango ya pensheni na bima haifuati mkataba wa kodi. Ina mikataba yake, na nchi mbili zinaweza kuwa na mmoja zikakosa mwingine. Kanuni ya msingi ni kwamba unachangia pale unapofanyia kazi. Ikiwa kuna mkataba, mwajiri anaomba cheti kinachosema unaendelea kuchangia nyumbani. Ndani ya Umoja wa Ulaya kinaitwa A1. Tangu Julai 1, 2023 nchi kadhaa za Ulaya zilizotia saini makubaliano ya kazi ya mbali zinaruhusu mtu kubaki kwenye mfuko wa nchi ya mwajiri, mradi kazi anayoifanya nyumbani nchi nyingine haifiki nusu ya muda wake. Pasipo mkataba wowote, unaweza kuchangia mara mbili, na hakuna fomu ya kurudishiwa. Ulizia hili kabla ya viza kwa sababu baadhi ya nchi, Uhispania ikiwemo, zinadai ushahidi wa hifadhi ya jamii ndani ya faili la maombi.

Hatua ya tano: sasa chagua viza

Anza na swali la kawaida: je, naweza kwenda kama mgeni wa matembezi nikafanya kazi yangu kimya kimya? Inategemea nchi. Uingereza, tangu Januari 31, 2024, inamruhusu mgeni kufanya kazi yake ya nje kwa mbali, ili mradi hiyo siyo sababu kuu ya safari. Nchi nyingi hazina sentensi kama hiyo katika sheria zao, na afisa wa mpakani anaweza kukuzuia ukisema umekuja kufanya kazi. Kujibu barua pepe chache ukiwa likizoni hakumsumbui mtu. Kuishi miezi sita kwa viza za matembezi ni jambo jingine.

Kwenye eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, hesabu ni siku 90 ndani ya siku 180 zozote. Kila siku unayokuwa ndani, rudi nyuma siku 180 na uhesabu. Siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabika. Kutoka wikiendi moja na kurudi hakufuti kitu. Tangu Oktoba 12, 2025 mfumo wa kielektroniki wa kuingia na kutoka ulianza kuchukua nafasi ya mihuri, kwa hiyo lile tumaini la muhuri uliofifia limekwisha.

Viza za kazi ya mbali zilishika kasi mwaka 2020. Barbados ilitangaza ya kwake ya miezi 12 kwa wanaopata angalau dola 50,000 za Marekani kwa mwaka, ada dola 2,000 kwa mtu mmoja. Estonia ilifungua mwaka huo huo. Nchi nyingine zilifuata, na viwango vimetawanyika sana: Morisi dola 1,500 kwa mwezi, Namibia dola 2,000 kwa mwezi kwa kibali cha miezi sita, Umoja wa Falme za Kiarabu dola 3,500 kwa mwezi, Uhispania mara mbili ya kima cha chini cha mshahara wake, Ureno mara nne ya kima cha chini chake. Japani, iliyoanza Machi 2024, inataka yeni milioni 10 kwa mwaka na inatoa miezi sita isiyoongezwa. Thailand, tangu Julai 2024, haiangalii sana mshahara. Inataka akiba ya bahti 500,000 na inatoa viza ya miaka mitano, siku 180 kwa kila kuingia. Angalia vizuri namba hiyo. Siku 180 ndizo hizo hizo zinazokufanya mkazi wa kikodi wa Thailand, kwa hiyo ukizitumia zote ndani ya mwaka mmoja wa kalenda, umeingia.

Unapolinganisha, ada iwe jambo la mwisho. Mimi ningeuliza haya. Je, muda wa viza hii unahesabika kuelekea ukaazi wa kudumu? Uhispania ndiyo, Kroatia hapana, na baada ya muda kwisha hupaswi kuomba tena hadi miezi sita ipite. Je, mwenzi wangu anaruhusiwa kufanya kazi? Je, naweza kuchukua mteja wa hapo? Uhispania inamruhusu aliyejiajiri apate hadi asilimia 20 ya kazi zake kutoka kampuni za Kihispania, nyingine zinakataza hata senti. Je, nikikaa muda wote wa viza, nitakuwa mkazi wa kikodi? Kwa viza ya mwaka mmoja jibu mara nyingi ni ndiyo, isipokuwa sheria imesema vinginevyo.

Jihadhari na viza za watu wanaoishi kwa mapato yasiyo ya kazi, kama pango na pensheni. Viza ya Uhispania ya kukaa bila kufanya kazi na D7 ya Ureno ziliandikwa kwa ajili yao. Mshahara wa mbali si pango, na maombi ya namna hiyo hukataliwa.

Na kuna jambo la pasipoti ambalo halisemwi vya kutosha. Baadhi ya viza hizi zimefunguliwa kwa uraia fulani tu; Japani inazipa nchi zenye msamaha wa viza na mkataba wa kodi nayo. Soma orodha ya uraia kabla ya kitu kingine chochote.

Hatua ya sita: kusanya faili

Nyaraka hufanana kokote: pasipoti yenye muda wa kutosha, mkataba na barua ya mwajiri au mikataba ya wateja, taarifa za benki za miezi kadhaa, bima ya afya inayofanya kazi nchi hiyo, uthibitisho wa makazi, na cheti cha polisi cha mwenendo mwema. Uhispania inaongeza kwamba uwe umeshafanya kazi na kampuni hiyo angalau miezi mitatu, kampuni yenyewe iwe na umri wa mwaka mmoja au zaidi, na wewe uwe na shahada au uzoefu wa miaka mitatu. Aliyebadilisha kazi wiki iliyopita asubiri.

Ukaguzi mkali uko kwenye fedha. Kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba kionekane kikiingia benki, kwa jina la mlipaji yule yule. Ukilipwa kupitia huduma ya malipo ya mtandaoni na jina likabadilika, weka ankara na barua fupi ya maelezo pembeni. Mapato yanayopanda na kushuka yaandamane na ritani ya kodi ya mwaka uliopita. Afisa huiamini kuliko jedwali ulilolichora mwenyewe.

Nyaraka za serikali zitataka uthibitisho wa kimataifa. Kama nchi iliyotoa na inayopokea zote ni wanachama wa Mkataba wa Hague wa 1961, muhuri mmoja wa apostili unatosha. Kama moja si mwanachama, hati inapitia wizara ya mambo ya nje na kisha ubalozi, na hapo ongeza wiki. Apostili itangulie, tafsiri ya mtafsiri aliyeapishwa ifuate, kwa sababu muhuri wenyewe nao unapaswa kutafsiriwa. Cheti cha polisi kiombe mwishoni. Nchi nyingi hukipokea kikiwa na umri wa miezi mitatu hadi sita, na aliyekimbilia kukitoa kwanza hujikuta anakitoa tena.

Hatua ya saba: ukishafika

Sajili anwani, chukua kadi ya ukaazi na namba ya mlipa kodi ndani ya muda uliotajwa kwenye viza. Kuwa na namba ya kodi si sawa na kuwa mkazi wa kikodi, kwa hiyo usiiogope. Bila hiyo hata mkataba wa nyumba hupati.

Benki itakupa fomu inayouliza wewe ni mkazi wa kikodi wa nchi gani na namba yako ni ipi. Ijaze kwa ukweli. Chini ya mfumo wa OECD ulioanza kufanya kazi 2017, zaidi ya nchi na maeneo 100 hupeana kila mwaka taarifa za akaunti za wageni: jina, salio, riba. Ukisema benki moja jambo hili na nyingine lile, majibu yote mawili yanaishia meza moja.

Wanaofikiria kufungua kampuni nchi yenye kodi nafuu huku wakiishi kwingine wajue mambo mawili. Ukaazi wa kielektroniki wa Estonia, ulioanza 2014, unakuwezesha kufungua na kuendesha kampuni mtandaoni. Hauwi viza wala ukaazi wa kikodi. Na nchi nyingi huitoza kampuni pale inapoongozwa. Kama mkurugenzi ni wewe peke yako na maamuzi yote unayafanya ukiwa mezani kwako, kampuni inaweza kuhesabiwa kuwa iko pale ilipo meza hiyo.

Hatua ya nane: daftari la siku na ratiba ya mwaka

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na siku nazo ni mali hapa. Fungua jedwali lenye tarehe ya kuingia, ya kutoka, nchi, na ushahidi: pasi ya kupandia ndege, tiketi ya treni, risiti. Andika siku kamili, kwa sababu kila nchi inazigeuza kwa namna yake. Uingereza inaangalia kama ulikuwa nchini saa ya usiku wa manane, Marekani inahesabu hata kipande cha siku.

Miaka ya kodi pia haiendi pamoja. Nchi nyingi zinafuata kalenda, Uingereza inaanza Aprili 6, Australia Julai 1. Mwaka wa kuhama unaweza kukuta una ritani mbili zenye vipande tofauti vya miezi. Tenga fedha ya kodi kwenye akaunti yake kila unapolipwa, hasa kama umejiajiri na hakuna anayekukatia. Weka pia kumbukumbu ya kiwango cha kubadilishia fedha, na utumie chanzo ambacho mamlaka ya mapato yenyewe imekitaja.

Mshauri wa kodi anastahili ada yake katika hali tatu: una kampuni, una mali ya kuuza, au nchi mbili zinakudai. Mwandikie maswali badala ya kumsimulia maisha: nitakuwa mkazi kuanzia tarehe ipi, kifungu kipi cha mkataba kinanihusu, ritani zipi na lini. Mshauri wa nchi moja mara nyingi haijui sheria ya nyingine, hivyo uliza pande zote mbili na ulinganishe majibu.

Ukikaribia kuondoka tena, rudia hatua ya pili kwa nchi hiyo mpya: kufuta anwani, kurudisha kadi kama inatakiwa, ritani ya mwisho. Cheti cha ukaazi wa kodi kiombe ungali pale, kwa kila mwaka uliokaa. Ukishafuta anwani, ofisi nyingi zitataka mwakilishi wa hapo ndipo zikitoe.